Naombeni ushauri: klabu ya kompyuta shule ya kata, mashine 9, wanafunzi 60, intaneti hakuna

Mwl_Kusini

Habari za jioni wanajamvi. Nafundisha hisabati na fizikia, sekondari ya kutwa huku wilaya ya Masasi. Shule imepata kompyuta 9 za mezani, zimeshatumika huko zilikotoka, zina Windows 7. Tumeziweka kwenye stoo ya zamani ya maabara. Umeme upo. Intaneti hakuna, na simu za wanafunzi haziruhusiwi shuleni.

Somo la kompyuta halifundishwi kwetu, mwalimu wake hayupo. Mkuu wa shule amenipa Jumatano na Ijumaa baada ya vipindi niendeshe klabu. Wamejiandikisha 60 na ushee, kidato cha kwanza mpaka cha tatu. Tumekuwa tukifanya Word: kuandika barua, kukoza maandishi, kupanga jedwali. Mwanzoni walijaa mpaka madirishani, sasa wanachomoka mmoja mmoja, na wengi ni wasichana. Kila mashine wanabanana 6 au 7, na mausi anaishika yule yule ambaye kaka yake ana steshenari mjini.

Juzi msichana wa kidato cha pili kaniuliza: "Mwalimu, kompyuta inajuaje kama kuna kitu kimekosewa?" Hilo si swali la Word, na ndilo ninalotaka klabu ilishughulikie. Nataka watoto hawa waone kuwa kila kinachotokea kwenye kioo kuna mtu alikiamuru, na mtu huyo anaweza kuwa yeyote kati yao. Programu gani zinakubali mashine za zamani bila intaneti? Hawa 60 niwagaweje? Na wasichana niwarudisheje? Nawasilisha.

FundiUyole

Hongera sana mkuu. Windows 7 isikutishe, ila ukienda kupakua Python, lugha ya kuandikia programu, usichukue toleo jipya, litagoma. Toleo la mwisho linalokubali Windows 7 ni 3.8. Linakuja na IDLE, ambamo unaandika programu na kuiendesha hapo hapo, huhitaji kitu kingine. Kwa Scratch, ile ya 3 inataka Windows 10, lakini Scratch 1.4 ni nyepesi na inakubali mashine za kale. Hiyo wape kidato cha kwanza: wanaburuta vipande vya amri, wanaviunganisha, paka anatembea. Hakuna kukosea herufi moja ukakwama kipindi kizima.

Vipakue kwa bando lako, weka kwenye flashi moja isiyotoka mkononi mwako. Flashi za wanafunzi zisiguse mashine hata moja, virusi vitazimaliza zote.

Baadaye ukipata ruta yoyote, hata isiyo na laini, pamoja na mashine moja mpya kidogo, igeuze iwe seva ya Kolibri, yaani ndiyo inayozigawia nyingine masomo. Kolibri ni programu ya bure kwa ajili ya shule zisizo na intaneti, ina masomo ya Khan Academy, mengine ya Kiswahili. Micro:bit na Raspberry Pi, vikompyuta vidogo vya kujifunzia, utashauriwa pia. Ni nzuri, ila usihangaike kuzitafutia fedha sasa.

MwalimuKilifi

Mwalimu mwenzangu, salamu kutoka Kilifi. Huku somo la kompyuta linatahiniwa kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, na lina mradi wake, na bado nimeona wanafunzi wakimaliza bila kujua namba inakaaje ndani ya mashine. Klabu ndiyo nafasi ya mambo hayo. Na hao 60 usiwaingize chumbani wote. Nusu waweke nje chini ya mkorosho, hawahitaji kompyuta.

Kata kadi 5 kubwa za maboksi. Chora doti 16, 8, 4, 2 na 1. Simamisha wanafunzi 5 mstari mmoja, 16 ikiwa kushoto kwa watazamaji. Kadi ikionyesha doti ni 1, ikigeuzwa ni 0. Waulize: tunaipataje 19? Watabishana mpaka wafike 16 na 2 na 1, yaani 10011. Usiwatangulie. Namba kubwa kuliko zote hapo ni ipi? Ni 31. Tukiongeza kadi ya sita iwe na doti ngapi? Hapo utaona vichwa ambavyo hukuwahi kuvisikia darasani, na mara nyingi si yule wa steshenari.

Kisha nenda kwenye herufi. A ni 1, Z ni 26, kwa hiyo kadi 5 zinatosha alfabeti nzima. Mmoja asimame ng'ambo ya uwanja atume neno kwa mikono, juu ni 1, chini ni 0: 01110, 01010, 01111, 01111. Hiyo ni NJOO.

Swali la msichana wako nalo lina mchezo wake, tena mzuri mno. Chukua kadi zenye upande mweusi na mweupe. Wanafunzi wapange 5 kwa 5 wapendavyo. Wewe ongeza safu mlalo moja na safu wima moja, ukihakikisha kila safu ina kadi nyeusi za idadi shufwa. Wape mgongo, wageuze kadi moja tu. Ukirudi kutazama, safu mlalo moja na safu wima moja zitakuwa na idadi witiri, na zinapokutana ndipo ilipo kadi iliyogeuzwa. Wataona uchawi, usiufiche, waache wautafute wenyewe. Kompyuta hutumia wazo la namna hiyo kugundua data iliyoharibika njiani. Michezo ya aina hii imekusanywa na Tim Bell wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, pamoja na wenzake, na inapatikana bure.

Binti_Temeke

Shikamoo mwalimu. Mimi nimepitia klabu ya wasichana nikiwa sekondari na sasa ndiyo kazi yangu, nitasemea hapo kwenye wasichana.

Kwanza saa. Baada ya vipindi msichana wa shule ya kutwa anawaza maji, kupika, na njia ya kurudi nyumbani kabla ya giza. Waulize wenyewe, tena wasiulizwe mbele ya wavulana. Huenda Jumamosi asubuhi ikawafaa zaidi.

Pili, kila mashine wawili tu: mmoja anashika mausi na kibodi, mwingine anaamua. Anayeshika haruhusiwi kuamua, anayeamua haruhusiwi kushika. Baada ya dakika 10 wanabadilishana, piga kengele. Ukiwa na 18 ndani na waliobaki wako nje na mwalimu wa Kilifi, umeshapunguza msongamano. Mwanzoni wapange msichana na msichana.

Tatu, wapatie kina dada wa kuwaiga. Carolyne Ekyarisiima alianzisha Apps and Girls hapa Tanzania mwaka 2013 kwa ajili ya wasichana kama hawa. Wasimulie habari zake. Na yule aliyeuliza swali mpe yeye mchezo wa kadi auendeshe.

Mzazi_Lulindi

Mwalimu, sisi wazazi tunakushukuru, ila tuna hofu. Mtihani wa kidato cha pili uko njiani na watoto hisabati haipandi. Hii klabu isije ikawala muda.

Mwl_Kusini

Mzee wangu, hofu yako naielewa na sitaipuuza. Lakini nikitazama haya ya kadi naona vipeo vya 2 na namba shufwa na witiri, mambo niliyo nayo ubaoni na hawayashiki. Na nimepata wazo kwa ajili ya Python. Msimu wa korosho kila nyumba hapa inapiga hesabu ya mnada. Wataandika hivi (namba ni za mfano tu):

kilo = 350
bei = 2800
makato = 300
print("Mkulima anapokea shilingi", kilo * (bei - makato))

Jibu ni 875000. Kisha kila mmoja abadilishe namba kwa mzigo wa kwao, waje wabishane makato yapi yamesahaulika na yaingizweje.

Mzazi_Lulindi

Hapo umenipata. Hesabu ya makato hata sisi kwenye AMCOS, chama chetu cha ushirika, inatusumbua. Mwanangu yuko kidato cha pili, akiniletea hiyo karatasi nitaikagua kwa stakabadhi zangu za mwaka jana.

Mwl_Kusini

Nashukuru mzee, stakabadhi hizo ningeomba utuletee hata nakala. Binti_Temeke, marahaba, suala la saa nitamwachia mwalimu wa kike awaulize. Nimebakiwa na moja: mkuu wa shule analalamikia LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla. Mashine 9 zinakula kiasi gani?

FundiUyole

Ya mezani pamoja na kioo chake piga wastani wa wati 100. Tisa kwa saa 2 ni uniti 1.8. Zidisha kwa vipindi vya mwezi, mpelekee mkuu hesabu iliyoandikwa. Na waambie wanafunzi ndio waiandike hiyo programu, wabadilishe tu kilo ziwe wati.