Kwa nini mwili unakumbuka surua lakini unasahau malaria?

Mchungwa wa Muheza
Wanajukwaa, salamu. Kaka yangu aliondoka Muheza mwaka 2009 kwenda Ujerumani, akarudi likizo mwaka jana. Siku ya 12 alishikwa na homa, akatetemeka hata tukasikia kitanda kikigonga ukuta, akalazwa siku nne kwa malaria kali. Mama yetu, anayelala chumba cha pili bila chandarua, hakuumwa hata kichwa. Sote tuliugua malaria utotoni. Surua niliipata mara moja tu na haijanirudia. Je, kinga ya kaka imekwenda wapi?

Fundi Maabara
Pole sana, ndugu. Kirusi cha surua hakibadilishi sura yake ya nje, kwa hiyo seli nyeupe zikishaijua, hutengeneza kingamwili za kuinasa, na baadhi yake hubaki kama seli za kumbukumbu kwa miaka mingi. Mwaka 1846, daktari Peter Ludwig Panum alikuta katika visiwa vya Faroe, kaskazini mwa Ulaya, wazee waliougua surua mwaka 1781, na mlipuko mpya haukuwagusa.

Kimelea cha malaria ni mjanja zaidi. Kikishatoka kwenye ini, huingia ndani ya chembe nyekundu za damu, ambazo hazina kiini wala uwezo wa kuzionyesha seli za ulinzi kilichomo ndani yake. Kisha huisukuma juu ya chembe hiyo protini inayoinatisha kwenye kuta za mishipa midogo ya damu, isipite kwenye wengu, ambako ingechujwa na kuharibiwa. Protini hiyo ina namna zipatazo 60 katika kimelea kimoja, na kingamwili zinapoizoea namna moja, vimelea vingine huwa vimekwisha kuvaa nyingine.

Mama yako amekutana na namna nyingi mno kwa miaka yote hiyo, na kila mbu mwenye vimelea aliyemuuma aliukumbusha mwili wake. Kaka yako hakukumbushwa kwa muda mrefu, kingamwili zake zikapungua.

Muuguzi Mstaafu
Naomba niongeze jambo nililoliona wodini kwa miaka mingi. Mwanamke aliyekulia kwenye malaria, mwenye kinga kama ya huyo mama, akipata mimba ya kwanza huweza kuugua vibaya na kujifungua mtoto mwenye uzito mdogo. Sababu ni kwamba kondo la nyuma ni mahali papya, na vimelea vinavyonata hapo huvaa namna ambayo mwili wake haujawahi kukutana nayo. Mimba zinazofuata huwa na nafuu, kwa kuwa sasa anaijua. Ndiyo maana tulikuwa tukisisitiza dawa za SP, za kukinga malaria, kliniki hata kwa mjamzito asiye na homa.

Mchungwa wa Muheza
Asanteni, nimeelewa. Basi mama hahitaji chandarua?

Fundi Maabara
Anakihitaji, ndugu yangu. Kinga yake haivizuii vimelea kuingia, bali huvibana visizidi. Anaweza kuwa navyo damuni bila homa, mbu akamuuma na baadaye kumwambukiza mwingine. Je, kuna mtoto mdogo humo ndani?

Mchungwa wa Muheza
Yupo mjukuu wa miaka miwili, tena analala naye kitanda kimoja. Chandarua kimefunikia vifaranga uani. Ninakwenda kukitoa sasa hivi nikakifue, na kesho asubuhi nitakwenda kumwombea mama kingine kipya.