Toyota IST inamisi asubuhi ikiwa ya baridi, ikipata moto inatulia

Mkazi wa Nzuguni
Wakuu habari za asubuhi. Nina IST ya cc 1300, injini 2NZ, toka mwezi wa sita uanze nikiwasha asubuhi inatetemeka mpaka vioo vya pembeni vinacheza, sailensa (mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta) inapanda inashuka kama inataka kuzima, nikikanyaga mafuta kidogo inakuwa afadhali nikiachia inarudi palepale, dakika tatu nne hivi ikipata moto inatulia kabisa kama siyo yenyewe. Taa ya cheki injini iliwaka siku moja ikazima. Nimeshabadilisha plagi zote nne na koili moja, hela imeenda shida iko palepale. Nikimpelekea fundi pale Majengo inafika ishapata moto, ananiambia mbona iko poa, sasa anataka tununue nozo za kupulizia petroli. Kazini kwangu ni Mtumba, kila siku niko na roho juu. Nianzie wapi?

Fundi wa Kizota
Kaka nozo acha kwanza. Huo ugonjwa unaonekana gari ikiwa ya baridi tu, sasa fundi akiipima ya moto ataona nini? Ilaze gerejini, asubuhi awashe yeye mwenyewe. Kabla hajawasha achomeke mashine ya kusomea kompyuta ya gari, switchi iwe on tu, asome sensa ya joto la maji na ya hewa. Gari ikilala nje hizo mbili zinatakiwa zisome karibu sawa, asubuhi za Julai hapa Dodoma ni kama nyuzi 14 au 15. Ukikuta ya maji inasoma 60 wakati injini ni baridi hiyo sensa inaidanganya kompyuta, inapewa petroli kidogo wakati injini baridi inataka petroli nyingi. Ikisoma -40 waya umekatika au soketi imeachia. Na ile taa hata kama imezima, kodi (namba ya kosa) inaweza kuwa bado imo kwenye kompyuta, P0301 ni silinda ya kwanza inamisi, P0171 ni hewa imezidi petroli, msizifute kabla hamjaziandika.

Mama Spacio
Pole kaka. Angalia na maji ya rejeta, ila ufungue mfuniko injini ikiwa ya baridi. Yangu ilikuwa inamisi asubuhi hivyohivyo na moshi mweupe mzito unatoka nyuma, kumbe gasketi ya silinda hedi inavujisha maji usiku kidogo kidogo. Mimi nilikuwa naongeza maji tu kila wiki bila kujiuliza yanaenda wapi.

Fundi wa Kizota
Dada yuko sahihi kabisa, hilo la maji lisirukwe. Yakiwa hayapungui, nenda kwenye gasketi ya manifodi ya hewa, yale mabomba yanayoingiza hewa kwenye silinda. Hizi injini za NZ ile raba ikizeeka inakauka inakuwa ngumu, kukiwa na baridi inasinyaa hewa inapita pembeni, ikipata joto inatanuka inaziba. Na ukikanyaga hewa ya kawaida inaingia nyingi, hiyo inayovuja inakuwa kitu kidogo, ndiyo maana inapata nafuu. Washa ikiwa baridi, pulizia dawa ya kusafishia karbureta kidogo kidogo kwenye maungio ya manifodi, sailensa ikibadilika ghafla umepata. Hiyo dawa inashika moto kama petroli, msipulizie karibu na koili wala ekzosi.

Mkazi wa Nzuguni
Wakuu nimerudi. Gari ililala gerejini juzi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikawa nimefika na koti langu. Maji yamejaa, sensa zote mbili 15. Kodi ilikuwemo, P0171. Fundi akapulizia upande wa silinda ya nne, mtetemo ukakata palepale, akaacha ukarudi, tukarudia mara tatu. Kufungua manifodi ile raba ngumu kama plastiki, ukiikunja inakatika. Mpya haijafika hata nusu ya hela ya ile koili. Leo asubuhi nimewasha imetulia, vioo havichezi. Fundi wa Kizota ubarikiwe sana, na Mama Spacio asante.

Fundi wa Kizota
Safi sana kaka. Koili ya zamani usiitupe, inawezekana ilikuwa nzima.