Naomba ushauri: mfumo wa kupokea ada za shule, tuendelee na Lambda au turudi kwenye seva ya kawaida?

Mwanzisha uzi

Ndugu wana jukwaa, salaam. Mimi na mwenzangu tunatengeneza mfumo wa kupokea ada kwa shule kadhaa binafsi za Arusha na Moshi. Mzazi analipa kwa simu, kampuni ya malipo inatuletea taarifa ya muamala kupitia intaneti, nasi tunaingiza malipo kwenye akaunti ya mwanafunzi na kumtumia mzazi risiti kwa ujumbe mfupi. Sehemu kubwa ya mwaka mfumo huwa kimya, lakini shule zinapofunguliwa Januari wazazi hulipa kwa mkupuo, hasa jioni. Ndiyo maana tuliona si busara kulipia seva kubwa mwaka mzima, tukaanza kuhamishia kazi kwenye AWS Lambda (huduma ya Amazon inayoendesha vipande vya programu, yaani funksheni, pale tu vinapohitajika), tukiandika kwa Node.js (JavaScript ya upande wa seva) na kutumia PostgreSQL kama hifadhidata.

Tulipojaribu kupitisha mzigo wa Januari, mambo mawili yalitutia wasiwasi. Hifadhidata ilianza kukataa miunganisho mipya ilhali funksheni zenyewe hazikuonyesha dalili ya kulemewa. Isitoshe, kampuni ya malipo isipojibiwa mapema huituma taarifa ileile upya, na muamala mmoja ukaingia mara mbili kwenye akaunti ya mwanafunzi. Tunaomba ushauri wa waliokwisha kuendesha mifumo ya namna hii, kwa kuwa hizi ni fedha za wazazi na hatutaki kubahatisha.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, matatizo yote mawili yana chanzo kimoja. Funksheni inayopokea taarifa ndiyo hiyohiyo mnayoitaka iandike kwenye hifadhidata, itume ujumbe kwa mzazi, na baada ya yote hayo ndipo ijibu. PostgreSQL kwa mipangilio yake ya awali hukubali miunganisho 100, wakati akaunti ya AWS kwa kawaida huruhusu hadi funksheni 1,000 kukimbia kwa wakati mmoja katika kanda moja (eneo lenye vituo vyake vya data), na kila moja hufungua muunganisho wake. Lambda inafanya kile ilichoundwa kufanya, yaani kujitanua, na hifadhidata haina uwezo wa kuifuata.

Wekeni foleni katikati. Funksheni ya kwanza ikague kwamba taarifa kweli imetoka kwa kampuni ya malipo, iitupie kwenye SQS, huduma ya foleni ya AWS, ijibu papo hapo, basi. Funksheni ya pili ichote kutoka kwenye foleni kwa mwendo ambao hifadhidata inaumudu. Tangu 2023 unaweza kuiwekea SQS kikomo cha funksheni zinazochota kwa pamoja, kuanzia 2 hadi 1,000, nami ningeanza na 10. Mzazi akipata risiti yake sekunde 20 baadaye hataona tofauti yoyote.

Hata hivyo, foleni haitawaondolea tatizo la kujirudia, kwa sababu SQS ya kawaida huahidi kufikisha ujumbe angalau mara moja, na hiyo maana yake unaweza kufika mara mbili. Kinga ya kweli iko ndani ya hifadhidata. Namba ya muamala ya kampuni ya malipo iwe na kizuizi cha upekee kwenye jedwali la malipo, yaani namba ileile isikubaliwe mara mbili, na mstari uingizwe kwa `ON CONFLICT DO NOTHING` (namba ikiwapo tayari, usiandike kitu). Kisha angalieni idadi ya mistari iliyoingia: ikiwa ni 1, ongezeni salio la mwanafunzi ndani ya muamala huohuo wa hifadhidata (maandishi yote yakubaliwe kwa pamoja au yasikubaliwe kabisa), ikiwa ni 0, malipo hayo yalikwisha kuandikwa, kwa hiyo salio lisiguswe. Msianze kwa kusoma kama muamala upo ndipo muandike, maana funksheni mbili zinaweza kusoma kwa pamoja, zote zikaona haupo, na zote zikaandika.

Mchangiaji wa pili

Nakubaliana na mwenzangu kuhusu kizuizi cha upekee, lakini kuhusu kuhamia Lambda nina mashaka. Shule kadhaa za Arusha na Moshi, hata zikilipwa zote jioni moja, ni mzigo ambao seva moja ya wastani inaubeba. Jedwali la PostgreSQL linaweza kuwa foleni kwa kutumia `SKIP LOCKED` (amri ya kuruka mistari inayoshughulikiwa na mwingine), iliyopo tangu toleo la 9.5, na mambo yote yakabaki mahali pamoja panapoeleweka na watu wawili. Swali la kujiuliza ni nani ataisasisha seva hiyo na nani ataamka usiku ikizima. Kama mwenye kazi hiyo yupo na anaijua vizuri, sioni sababu ya kuhama.

Mchangiaji wa tatu

Kuhusu gharama, Lambda yenyewe haitawaumiza. Tuchukulie taarifa 300,000 kwa mwezi, kila moja ikitumia MB 512 kwa muda wa sekunde 0.2: hiyo ni GB-sekunde 30,000 (kumbukumbu mara muda), wakati kiwango cha bure ni 400,000 pamoja na maombi milioni 1 kila mwezi. Kinachowashtua wengi ni vitu vya pembeni. Funksheni iliyowekwa kwenye mtandao wa ndani ili iifikie hifadhidata haiwezi kutoka nje kwenda kutuma ujumbe mfupi bila NAT (lango la kutokea kwenda intaneti), na NAT katika kanda ya Virginia hutozwa dola 0.045 kwa saa, yaani zaidi ya dola 32 kwa mwezi hata kama hakuna mzazi aliyelipa. Nawashauri kazi ya kutuma ujumbe ipewe funksheni yake iliyo nje ya mtandao huo.

Jambo jingine ni kanda. Cape Town ipo tangu 2020 na kwenye ramani ni jirani kuliko Ulaya, lakini bei zake ziko juu, na Mei 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, njia ya kutoka kwetu kwenda Afrika Kusini ndiyo iliyoathirika. Pimeni muda wa majibu kutoka Arusha kabla ya kuamua. Vilevile Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ina masharti kuhusu kusafirisha taarifa nje ya nchi, nanyi mna majina ya watoto. Wasilianeni na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mapema.

Mwanzisha uzi

Nawashukuru sana wakuu. Hatuna mtu wa kukesha na seva, hivyo tutaendelea na Lambda kwa mpangilio wa foleni, na kizuizi cha upekee tunakiweka leo. Ninalojiuliza sasa ni kuhusu ujumbe unaoshindikana kila unapojaribiwa, pengine kwa sababu mzazi amekosea namba ya mwanafunzi. Utaishia wapi?

Mchangiaji wa kwanza

Namba iliyokosewa isihesabiwe kuwa hitilafu, mkuu. Fedha zimeshapokelewa, kwa hiyo ziandikwe kwenye jedwali la malipo yasiyo na mwenyewe, na mhasibu wa shule ayaone kwenye skrini yake na kuyapangia mwanafunzi. Hitilafu halisi, kama vile hifadhidata kuzimika, ndizo ziende kwenye foleni ya pili baada ya majaribio 5. Foleni hiyo ipeni muda wa kuhifadhi wa siku 14, ambao ndio wa juu kabisa, na mtegeshe kengele ilie kwenye simu zenu ukiingia hata ujumbe 1. Muda wa ujumbe kufichwa wakati unashughulikiwa uwe angalau mara 6 ya muda mlioipa funksheni kufanya kazi, kama AWS wenyewe wanavyoelekeza. Ukiwa mfupi, ujumbe utachukuliwa na funksheni nyingine kabla ya ile ya kwanza kumaliza.

Mkishamaliza, rudieni jaribio lenu la mzigo, safari hii mkituma kila taarifa mara mbili kwa makusudi, kisha mlinganishe jumla ya salio la wanafunzi na malipo yasiyo na mwenyewe dhidi ya jumla ya miamala ya kipekee. Tofauti iwe sifuri kabla ya shule ya kwanza kuunganishwa.