Vibarua wa Kirundi hapa Kigoma: faida au hasara?

Mtu wa Makere: Wakuu habari za saa hizi. Naomba tujadili bila matusi. Huku Kasulu palizi ikifika kijana wa hapa hapati kibarua, mwenye shamba anamchukua Mrundi sababu analima heka kwa nusu ya hela na analala hukohuko shambani. Alafu ukienda zahanati foleni mpaka nje, dawa hamna. Tunafaidika nini na hawa watu?

Jembe Moja: Kijana wa hapa yupi? Huyo anayecheza pool kijiweni toka asubuhi? Mi niliita watu wa kupalilia maharage wakaja saa nne, saa sita wanaulizia ugali.

Mama Mawese: Usitutukanie watoto. Wangu anaendesha boda usiku na mchana na hela ya tajiri anapeleka kila siku. Lipa vizuri uone kama hawaji.

Kibondo Yetu: Kuna kitu watu hawasemi. Huku yuko mzee mmoja ana shamba kubwa, anawalimisha Warundi mpaka wamalize, siku ya malipo anapiga simu uhamiaji. Gari likaja jioni, watu wakatimkia migombani, sufuria ya maharage imebaki inachemka kwenye mafiga. Mzee kalimiwa bure! Sasa bei ya kibarua anaishusha Mrundi au huyo mzee? Na wewe wa Makere foleni gani unalia wakati mama zenu wanajifungulia hospitali ya kambi ya wakimbizi Nyarugusu?

Mtu wa Makere: Mama yangu usimuingize hapa tafadhali.

Mswahili wa Ujiji: 😂😂 Kwani Muha wa Kigoma na Mrundi tofauti nini? Nyie wa huko juu wote ndugu mnazingua tu. Sisi watu wa ziwani hayo hatuna.

Muha Damu: Wewe wa Ujiji ndo wa kusema?? Wamanyema mmetoka Congo na misafara ya Waarabu leo mmekuwa wenye nchi!

Mswahili wa Ujiji: Tumekuja kabla ya Mjerumani. Wewe wa kwenu alivuka mto Malagarasi mwaka gani?

Muha Damu: Utani wako huo ndo unatuponza. Mdogo wangu kaenda kuomba kitambulisho kaulizwa babu yake kazikwa wapi, aje na mashahidi, aje na cheti cha babu, babu kazaliwa enzi za Mwingereza cheti angekitoa wapi? Wewe hujawahi kuulizwa hivyo ndo maana unacheka.

Kaliua Tumbaku: Njooni huku Tabora muone Ulyankulu, makazi ya wakimbizi wa Kirundi. Waliingia 1972 wakakuta pori, 2014 kama sikosei serikali ikawapa uraia pamoja na wale wa Katumba na Mishamo, jumla watu 160,000 na kitu. Leo wanauza tumbaku yao na ushuru wanalipa. Mpe mtu karatasi uone kama atakulimia nusu bei.

Mama Mawese: Wa 1972 usiwafananishe na hawa. Hawa wanaingilia mpakani Manyovu na hela zetu wanarudi nazo.

Kibondo Yetu: Wanarudi na hela au na sabuni na vitenge walivyonunua kwako? Masoko ya pamoja ya kambini yalipofungwa walolia ni wenye maduka.

Mzee wa Reli: Wajukuu zangu, enzi za Mwingereza Kigoma ndo ilikuwa inatoa manamba, Waha wanapakiwa treni kwenda kukata mkonge Tanga kwa ujira ambao wenyeji wa kule hawakuutaka. Babu yangu alirudi na baiskeli na kikohozi.

Jembe Moja: Kwaiyo babu yako alikuwa Mrundi wa Tanga 😂

Muha Damu: Mzee wa watu kaongea kwa heshima na wewe unaleta ujinga. Moderata yuko wapi?

Mswahili wa Ujiji: Moderata ni Mmanyema, tulia. Malagarasi mwaka gani? Bado nasubiri.