Wauza springi wa Mwanza, "ngumu" ni kilo ngapi? Prado yangu imegeuka toroli

Wakuu, mtakaosema nipunguze povu, naandika nimekaa juu ya mto kwa sababu kiuno hakikubali kiti. Nimetoka Buchosa jana usiku.

Gari ni Prado 120 ya 2005, dizeli. Kazi yangu ni kufunga pampu za maji za sola vijijini, zaidi Sengerema na Buchosa, mara mojamoja Ukerewe. Gari langu halijawahi kuwa tupu tangu nilinunue. Nyuma kuna sanduku la chuma la vifaa, betri ya pili, bampa la chuma, na juu kuna keria ya paneli na mabomba. Mzigo huo haushuki, hata Jumapili naenda nao kanisani. Matokeo yake makalio yalikuwa yameinama miaka miwili, usiku taa za mbele zinamulika popo kwenye miembe, na kila shimo ekseli inagonga chasisi, gu!

Nikaenda duka moja hapa mjini, jina silitaji. Mazungumzo yalikuwa hivi:

"Bosi, wewe chukua hii ya njano. Ni ya mzigo."
"Ugumu wake kiasi gani?"
"Ngumu sana."
"Sana ni kiasi gani?"
"Bosi, hii hata ukipakia ng'ombe hailali."

Sikuulizwa gari lina uzito gani. Sikuulizwa mzigo unakaa muda wote au unashuka jioni. Nikaulizwa rangi! Laki sita na nusu jozi ya nyuma, ufundi elfu hamsini. Nikalipa kwa sababu na mimi nilikuwa mjinga, hilo nakubali. Rangi ya springi ni ya kiwanda chake. Njano ya huyu inaweza kuwa laini kuliko nyekundu ya yule, na rangi peke yake haikuambii kitu.

Siku ya kwanza nikaona gari limesimama vizuri, limepanda sentimita 7 nyuma, nikapiga na picha. Nikatoka Usagara kuelekea Kigongo. Pale kwenye daraja, lile la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025, viungo vyake nilivihesabu kwa uti wa mgongo. Na hiyo ni lami mpya wakuu! Baada ya Sengerema tukaingia vumbi, barabara iliyojikunja kama bati la paa. Kwenye bati lile tairi za nyuma zilikuwa haziikanyagi barabara, zinarukaruka juu juu, na kwenye kona ya kwanza makalio yakaanza kwenda kwenye mfereji peke yake. Kijana wangu aligonga kichwa kwenye paa mara mbili. Tulipofika, paneli moja kati ya nne ilikuwa na ufa kutoka kona hadi kona, na bolti ya juu ya shokapu ya kulia imekatika, kipande kinaning'inia kwenye raba. Shokapu zenyewe ni zilezile za zamani, hakuna aliyenitajia kwamba springi ngumu hurudi kwa nguvu zaidi na shokapu ya kawaida iliyochoka haiwezi kuishika. Ndiyo maana gari lilikuwa linadunda kama mpira wa tenisi.

Niliporudi nikaacha kumsikiliza mtu. Nikaenda kwenye mizani ya kiwanda kimoja cha pamba, msimu haukuwa umeanza, mlinzi akanikubalia kwa soda mbili. Unapandisha ekseli ya nyuma peke yake, unasoma. Yangu ilisoma kilo 1,210. Jirani yangu ana Prado kama yangu ila haina kitu, nikamuomba naye apande. Kilo 1,000. Mizani ile inaruka kwa kilo kumikumi, kwa hiyo msinikabe kwa kilo mbili tatu. Maana yake mzigo wangu wa kudumu nyuma ni kilo 210. Sasa toa uzito ambao springi haiubebi, yaani ekseli yenyewe, tairi na breki, mimi nilikadiria kilo 200. Kwa jirani springi moja inabeba kilo 400. Kwangu inabeba 505. Nyongeza ni kama asilimia 26.

Halafu nikapima springi zenyewe kwa mifuko ya saruji. Hii mtu yeyote anaweza, hata kama hujui hesabu. Egesha sehemu tambarare, pima kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa bodi juu yake, andika. Weka mifuko 4 ya kilo 50 juu kabisa ya ekseli ya nyuma, siyo mlangoni, maana ukiiweka mlangoni inakuwa kama mtoto aliyekaa mwisho wa bembea ya ubao, ekseli inabeba zaidi ya kilo ulizopakia na pua inanyanyuka. Tikisa gari, pima tena. Kwa jirani, mwenye springi za kiwandani, gari lilishuka milimita 40. Kilo 200 ni kilo 100 kila upande, gawa kwa 40, unapata kilo 2.5 kwa kila milimita. Hiyo ndiyo namba! Hiyo ndiyo niliyokuwa naiomba dukani! Kwangu, na hizo za njano, kilo zilezile zilishusha milimita 22 tu. Ni kilo 4.5 kwa milimita.

Uzito wangu umeongezeka asilimia 26, ugumu umeongezwa asilimia 80. Ili gari lipande na kushuka kwa mwendo uleule wa kiwandani, ugumu unatakiwa uongezeke kwa kiasi kilekile uzito ulivyoongezeka. Kwangu ni 2.5 mara 1.26, unapata kama kilo 3.2. Ili springi hizi nilizouziwa zitulie, ekseli yangu ya nyuma ilitakiwa isome kilo 1,640 saa zote. Hiyo ni Prado ya jirani pamoja na mifuko 13 ya saruji, asubuhi mpaka usiku, ukienda sokoni nayo, ukienda msibani nayo.

Na ungeweza kuliona hilo kwa macho pale dukani. Nilichukua kalipa, kile kipimo cha unene, waya wa springi ya zamani ni milimita 14, mpya ni 16. Mtu anasema milimita 2 ni nini? Ugumu wa springi unafuata unene wa waya ukiuzidisha wenyewe kwa wenyewe, yaani unene × unene × unene × unene. 16 gawa kwa 14, jibu lizidishe hivyohivyo, unapata kama 1.7, yaani tayari umeongeza asilimia 70, na hiyo mpya ina mizunguko pungufu kidogo juu yake.

Sasa picha la pili. Nikaenda gereji nyingine kulalamika kwamba gari ni gumu na liko juu mno. Fundi akachungulia chini, akasema, "Mzee hilo dogo, tunakata mzunguko mmoja linashuka." Alikuwa ameshachukua grainda! Wakuu, ukikata mzunguko springi inakuwa ngumu zaidi, kwa sababu chuma kilichobaki cha kujipinda ni kifupi. Ungeshusha gari na kuzidisha ugonjwa. Aliposhindwa hapo akapendekeza kuichoma kwa gesi ilainike. Ukiichoma unaua kile kilichoifanya iwe springi, itakaa chini siku hiyohiyo na haitasimama tena. Wengine mnapachika zile raba katikati ya mizunguko, nazo zinafunga sehemu ya springi isicheze, iliyobaki inateseka. Nilimnyang'anya funguo nikaondoka.

Halafu hili la kuchanganya urefu na ugumu. Kuna waliokuwa wanaona Prado inapanda juu wanasema "umeweka springi ngumu". Unaweza kuwa na springi ndefu na laini, au fupi na ngumu kama jiwe la Bismarck. Ukiweka kipande cha raba au cha chuma juu ya springi, gari linapanda, ugumu unabaki palepale. Na kupanda kwenyewe kuna bei: ule mkono wa chuma unaoshika ekseli ya nyuma isiende pembeni unaivuta upande mmoja gari likiinuka, na mbele ukiinua sana viungo vya ekseli vinakaa kwa pembe kali, raba zake zinachanika mapema. Haya nilitakiwa kuambiwa na anayepokea laki sita, siyo nijifunzie kwenye mizani ya pamba.

NYONGEZA, kwa wanaouliza hapo chini:

Mkuu unayesema magari ya watalii yanabeba springi ngumu na hayalalamiki, hayo mengi ni Land Cruiser hardtop, nyuma yana springi za vyuma bapa vilivyopangwa, na yanatoka na wageni na mizigo karibu kila siku. Usinilinganishie.

Mwenye mzigo unaopanda asubuhi na kushuka jioni, kama wale mnaopeleka samaki, shida yako siyo yangu. Wewe acha springi karibu na za kiwandani, weka mipira ya upepo ndani ya springi za nyuma, unajaza ukipakia, unapunguza ukishusha. Ila springi wala upepo haviongezi uwezo wa breki wala chasisi, kwa hiyo usianze kupakia tani.

Dada aliyeuliza namba za kwenye boksi: za nje mara nyingi wanaandika kwa nyutoni au paundi. Kilo 1 kwa milimita ni kama nyutoni 9.8 kwa milimita, au paundi 56 kwa inchi. Ukitaka kama yangu, kilo 3.2, tafuta karibu na paundi 180. Boksi lisilo na namba yoyote rudisha kaunta.

Duka limekataa kurudisha hela, wanasema "zimeshatumika". Zimetumika siku tatu! Ziko barazani kwangu Nyakato, njano, hazina kutu. Nimerudishia zile za zamani zilizochoka na popo wameanza kumulikwa tena. Kama kuna mtu ana Prado 120 ambayo ekseli ya nyuma inasoma 1,600 na kitu muda wote, aje PM na karatasi ya mizani. Bila karatasi siuzi.