Ulinganisho: tuchore mnyama wa Kigond, wa Madhubani au wa Kiwarli?

Mwalimu wa Mkundi:
Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Nina klabu ya uchoraji ya wanafunzi wa darasa la sita, na muhula ujao nataka tujifunze namna wanavijiji wa India wanavyochora wanyama. Nimebaki na njia tatu: michoro ya Wagond wa Madhya Pradesh, ya Madhubani kutoka Bihar, na ya Wawarli wa Maharashtra. Tuna karatasi, kalamu za wino na rangi za maji chache. Naomba mnisaidie kulinganisha, hasa kuhusu mnyama mwenyewe: anachorwaje, na kwa nini hivyo?

Bi Rangi:
Mwalimu, kwa uchache wa vifaa ningeanza na Warli. Kwa asili ni unga wa mchele uliokorogwa kwa maji na kuchorwa juu ya ukuta wa udongo, kwa hiyo karatasi ya kaki na rangi nyeupe vinatosha. Mtu ni pembetatu mbili zilizokutana kwa ncha, na wanyama nao hupatikana kwa maumbo machache. Hata hivyo, mnyama wa Kiwarli hupendeza akiwa kati ya watu wanaolima au wanaocheza ngoma; ukimtenga, anabaki alama tu.

Kalamu Nyeusi:
Madhubani ina samaki, kasa na tausi wazuri mno, wenye macho makubwa na mistari miwili ya ukingo iliyojazwa vistari vidogo katikati. Samaki huchorwa hata katika chumba cha maharusi, kwa sababu ni ishara ya uzazi na neraka. Tatizo ni kwamba haiachi nafasi tupu, na kipindi kimoja hakitoshi.

Kalamu Nyeusi:
Samahani, nimekosea kuandika: ni ishara ya uzazi na neema.

Msafiri wa Bhopal:
Mimi nasimama na Wagond, na sababu yangu inaanzia kwenye muziki. Wachoraji wao wanaojulikana zaidi ni Wapardhan, waimbaji ambao kwa vizazi vingi walizunguka nyumba za Wagond wakipiga bana, zeze lao la nyuzi tatu, na kuimba nasaba pamoja na habari za mungu Bara Deo, anayesemwa kuwa anakaa katika mti wa saja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Jangarh Singh Shyam, kijana wa kijiji cha Patangarh aliyekuwa akichora kwenye kuta za udongo, aliitwa Bhopal na mchoraji J. Swaminathan wa kituo cha sanaa cha Bharat Bhavan, akapewa karatasi, wino na rangi za dukani. Jamaa zake walimfuata, wakajifunza kwake, ndiyo maana mtindo huu huitwa pia Jangarh Kalam. Kwa hiyo mnyama wa Kigond wa kwenye karatasi ana umri wa miaka arobaini na kitu, ingawa hadithi yake ni ya kale, na ni haki wanafunzi waambiwe hivyo.

Umbo huchorwa kwanza, mara nyingi kwa upande, bila kivuli. Likishapakwa rangi, ndipo kazi yenyewe inapoanza, yaani kulijaza nukta, vistari, magamba au mbegu kwa ncha nyembamba. Kila mchoraji aliyekomaa ana ujazo wake, na wanaomfahamu humtambua kwa huo kabla ya kuona sahihi. Vistari vikifuata shingo ya kulungu hadi begani, mnyama aliyesimama huonekana anapumua.

Bi Rangi:
Nakushukuru, ndugu, lakini je, ujazo huo si pambo tu? Mitandaoni naona kulungu yuleyule mwenye pembe zilizogeuka matawi.

Msafiri wa Bhopal:
Dada, huyo kulungu nami nimemchoka, maana ameng'olewa kwenye hadithi. Tazama habari ya uumbaji: Bara Deo anamtuma kunguru kutafuta udongo katika maji yasiyo na mwisho, kunguru anamkuta kaa, na kaa anambana nyungunyungu hadi anautapika udongo aliokuwa ameumeza. Viumbe wadogo kabisa ndio wanaoileta nchi kavu. Bhajju Shyam, jamaa na mwanafunzi wa Jangarh, alipotoka London alikokwenda kuchora kuta za mkahawa, aliichora treni ya chini ya ardhi kama nyungunyungu, na saa ya Big Ben akaiunganisha na jogoo, kwa kuwa kijijini jogoo ndiye saa. Mnyama kwao ni namna ya kueleza jambo, hata jambo geni.

Mwalimu wa Mkundi:
Hapo nimeshawishika. Tutaanza na kunguru, kaa na nyungunyungu. Je, watoto waige ujazo wa Wagond?

Msafiri wa Bhopal:
La, Mwalimu. Ujazo wa mchoraji ni kama sauti yake. Kila mtoto atafute wake katika vitu anavyoviona nyumbani: ukili wa mkeka, magamba ya sato, matuta ya shamba.

Kalamu Nyeusi:
Nami nakubali, japo Madhubani naipenda. Waache rangi ya maji ikauke kabisa, hata kama ni hadi kesho yake, kabla ya kushika kalamu ya wino, la sivyo nukta zote zitasambaa.