Baba wa mtoto yuko visiwani, anatuma hela akijisikia. Hivi hawa ustawi nani anawasimamia?

Mama_Genge
Wadau naombeni ushauri sio matusi, najua humu hamkosekani. Niko Igoma, Mwanza, mtoto ana miaka 6, baba yake tulishaachana, yeye anavua dagaa huko Ukerewe. Mwaka jana tuliitwa ustawi wa jamii tukaandikishana laki moja kwa mwezi na ada juu yake, akasaini nikasaini afisa akagonga muhuri. Miezi miwili katuma, wa tatu katuma elfu 30, baada ya hapo nikipiga anasema kuna giza, ndio usiku wa kuvua dagaa, yuko ziwani hana nafasi, ikiingia mbalamwezi anasema dagaa hakuna hela atatoa wapi. Sasa giza hana nafasi mbalamwezi hana hela, mtoto ale lini?

Ofisini nimerudi mara nne na kila nikienda genge nafunga. Mara ya kwanza afisa yuko semina, ya pili faili halionekani, ya tatu limeonekana ila aliyetuandikisha kahamishwa, ya nne naambiwa "mama na wewe vumilia, mwenzio anahangaika". Hawa watu nani anawakagua? Kuna sehemu ya kuwashtaki au ndio basi?

Sato_Mkavu
Mvizie mwaloni Kirumba siku anashusha mzigo, acha mambo ya mafaili 😂

Karani_Mstaafu
Usimvizie mtu, utaishia kuitwa wewe mleta fujo. Nimekaa mahakamani miaka mingi nikupe ninachokijua. Hicho mlichosaini ustawi ni makubaliano, yanategemea moyo wa mtu, afisa hana askari wala hana pa kumfunga. Kinachobana ni amri ya matunzo, na hiyo inatoka Mahakama ya Watoto chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Ulizia mahakama ya wilaya watakuelekeza, na sio lazima upeleke maombi mwenyewe, ndugu anaweza, hata afisa ustawi anaruhusiwa, kwa hiyo aliyekwambia uvumilie alikuwa na kazi ya kufanya pale akaamua kukupa nasaha.

Hakimu ataangalia kipato chake na chako pia, watoto wengine anaowatunza, na maisha ya hapo mnapoishi. Anaweza kuamuru alipe kidogo kidogo au kwa mkupuo. Hilo la giza na mbalamwezi usimwachie yeye aliseme kama kisingizio, liseme wewe kwanza, omba alipe kila giza linapoisha hela ikiwa bado mkononi.

Kuhusu nani anawasimamia, afisa ustawi wa wilaya ni mtu wa halmashauri, bosi wake mkurugenzi, na halmashauri ziko TAMISEMI, ile ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Sera inatoka wizara ya Maendeleo ya Jamii. Ndio maana ukilalamika kila mmoja anakuonyesha mlango wa mwenzake. Andika barua kwa mkurugenzi, nakala afisa ustawi wa mkoa, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Ukilalamika kwa mdomo umepiga stori tu.

BabaWawili
Mnaongea upande mmoja. Mimi nililipa miaka miwili kupitia ofisi moja ya ustawi hapa hapa Mwanza, afisa anaandika kwenye daftari la mtoto wa shule lile la kurasa 40, siku mzazi mwenzangu anasema sijalipa daftari lilishajaa likatupwa na jipya limeanza juzi. Nilionekana tapeli. Siku hizi natuma kwa simu tu na meseji sifuti hata moja. Tuseme ukweli, hakuna anayejua wanaume wangapi waliandikishwa na wangapi wanalipa, mkaguzi akija atakagua nini?

Mzawa_wa_Nansio
Niko Uingereza, huku kuna idara nzima, Child Maintenance Service, ilianza 2012. Kipato wanakichukua kwa watu wa kodi, ukigoma mwajiri anakata kwenye mshahara, na wakikukusanyia wao anayelipa anaongezewa asilimia 20, anayepokea anakatwa 4. Watu wanalalamika usiku na mchana, hadi mkaguzi wa hesabu za serikali aliwachambua 2022. Ila angalau deni limeandikwa mahali.

Sato_Mkavu
Huyo wa dada mwajiri wake ziwa, nani atakata?

Bibi_Mkuyuni
Wanangu msidharau hiyo ya 2009. Kabla yake mtoto wa nje ya ndoa alikuwa na sheria ya mkoloni, shilingi 100 kwa mwezi basi. Mia! Nimewaona waliokuwa wanaenda kuifuata kwa nauli kubwa kuliko hiyo mia.

Karani_Mstaafu
Kweli kabisa bibi. Na wewe Mama_Genge jua kwanza yuko mwalo gani na mtumbwi wa nani maana wito wa mahakama haufiki ziwani. Uliza viongozi wa BMU, ile kamati ya wavuvi ya mwaloni, wanajua kila anayelala kambini. Kuandikiwa maombi tafuta wasaidizi wa kisheria, wale ni bure.

Mama_Genge
Asanteni jamani. Bibi shikamoo. Karani, karatasi yangu ya ustawi ilinyeshewa, muhuri hausomeki vizuri. Watanikubalia?

Karani_Mstaafu
Ipige picha leo leo, halafu kaombe nakala kwenye lile faili kabla halijapotea tena. Na meseji za hela usifute, hata ya elfu 30. Hiyo hiyo itamzuia kusema mtoto hamjui.

Mama_Genge
Simu niliyopokelea hiyo elfu 30 niliiuza mwezi wa nane nikalipa ada.

BabaWawili
Nenda kwa mtandao wa simu na kitambulisho, omba taarifa ya miamala. Mimi walinitolea.